Vidonge vya Daku

Watoto wangu mnaouza dawa, nianze na kigelegele, maana nikianza na dawa mtasinzia.

Miburani alikuwako mwanamke mmoja, nimwite Bi Tatu, ambaye kigelegele chake hakikuwa na mpinzani. Arusi bila Bi Tatu watu waliiona kama haijafungwa sawasawa. Basi mwaka mmoja akaanza kupatwa na usiku wa kukodoa macho na mchana wa kushtukashtuka, akaenda hospitali, akaandikiwa vidonge vya kumtuliza. Akatulia, akalala, watu wake wakashukuru. Ikaja arusi ya binti wa jirani. Bibi arusi katolewa nje, wanawake wote wamegeuka kumtazama Bi Tatu. Akafungua kinywa, akainua ulimi, na kilichotoka ni pumzi kama ya mtu anayepuliza kuni mbichi. Akajaribu tena. Ulimi mkavu kama samaki ng'onda.

Mnadhani watu walisema Bi Tatu mgonjwa? Walisema ana kijicho, ati kwa sababu binti yake mwenyewe bado yuko nyumbani na wa jirani ameolewa. Nyumba mbili zilizokuwa zikipeana moto zikanuniana miezi. Siku moja akaja dukani kwetu kununua dawa ya koo, ndipo nikamuuliza, na nini kingine unameza? Akanitolea pakiti kwenye pindo la kanga. Vilikuwa vidonge vinavyokausha kinywa, jambo linalojulikana kabisa, ila yeye hakuambiwa, au aliambiwa akiwa ameshafika mlangoni anaondoka. Nikamrudisha kwa daktari wake. Kipimo kikapunguzwa, akaambiwa anywe maji kidogo kidogo na afyonze limau. Arusi iliyofuata alipiga kigelegele kuku wakatawanyika, na wa kwanza kumkumbatia alikuwa yule jirani.

Mimi ndiye Zuhura, mzaliwa wa Baleni, na nimekaa nyuma ya dirisha la duka la dawa pale Kilindoni tangu msichana hadi magoti yaliponikatalia. Mmeniomba niwasimulie kazi. Kazi yenyewe nyingine mnaijua kunishinda, mna simu zinazosema kila kitu. Mimi nina watu tu. Na hao watu nimewabadilisha majina, isipokuwa mmoja, aliyekataa katakata lake lisiguswe. Sababu yake nitaisema tukifika.

Aliyenifundisha ni mwenye duka, Bwana Akberali, Mwenyezi Mungu amrehemu. Babu yake alikuja kutoka Kachi, ng'ambo ya bahari, akauza misumari, baba yake akauza vitambaa, yeye akauza dawa, na alikuwa akisema ukoo wao unapanda cheo polepole. Alikaa kwenye kigoda karibu na feni, kofia imemwinamia usoni, ukadhani amelala. Hakuwa amelala hata kidogo. Ananyoosha kidole kwenye rafu.

"Zuhura, kile kinafanya nini?"

"Kinashusha homa, Bwana."

"Hiyo imeandikwa kwenye boksi. Kinafanya nini kingine?"

Hilo "nini kingine" ndilo lililonilea. Hayo mengine ambayo dawa huyafanya, vitabu vya dawa vinayaita maudhi madogo madogo, na Bwana Akberali neno hilo lilikuwa likimpandisha hasira. Anauliza, madogo kwa nani? Kinywa kikinikauka mimi muuza duka, nitakunywa maji, yameisha. Kikimkauka Bi Tatu anagombana na mtaa mzima. Kwa hiyo akanikataza kumuuliza mtu anaumwa nini tu. Nimuulize na kazi yake. Mwanzoni watu walinichukia. Mtu kaja na jino, mimi namuuliza, unafanya kazi gani? Wengine walidhani natafuta mchumba.

Vidonge vya kutuliza wasiwasi vinahitaji maswali hayo kuliko vyote. Dukani kwetu hatukuviuza. Vilitoka hospitali kwa cheti cha daktari, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini vikishafika nyumbani kwa mtu vinatembea. Jirani anaomba kimoja kama anavyoomba chumvi. Kuna mzee mmoja wa Baleni, mjomba wangu kabisa, aliitwa Dar es Salaam kwenye arusi ya mwanawe, akakatiwa tiketi ya ndege ile ndogo. Naye ndege anaiogopa kuliko kaburi. Jirani akamwazima vidonge vyake, akaambiwa meza kimoja, akaona mwili wake mkubwa, akameza vitatu. Alifika uwanjani mapema, akajiegemeza kwenye ukuta wenye kivuli, akatulia vizuri sana. Ndege ikaja, ikateremsha, ikapakia, ikaruka, mjomba anakoroma. Walimwamsha wakamwambia ndege imekwenda. Akasema, alhamdulillahi, sikusikia hata kutikisika, mwanangu yuko wapi? Tulicheka mwaka mzima, lakini Bwana Akberali hakucheka. Aliniambia mtu yule angekuwa na pumu au angekuwa ameonja tembo la mnazi asubuhi yake, asingeamka. Tangu siku hiyo sijaona mtu anaazima kidonge nikanyamaza.

Sasa nije kwa Nahodha Sefu, ambaye ndiye aliyenifanya nikubali kukaa kitako na kuyaandika haya.

Miaka hiyo hifadhi ya bahari ilikuwa imeshazoeleka, wageni wanakuja na miwani yao ya kuogelea, na boti zinawapeleka kutazama papa potwe, wale samaki wakubwa wapole wanaokuja karibu na Kilindoni majira ya vuli. Sefu alikuwa nahodha wa boti moja ya mashine, mali ya mfanyabiashara mmoja nitakayemwita Mzee Omari. Mtu wa maneno machache, mikono mipana, na sifa yake ilikuwa moja: haogopi. Mama akimkanya mtoto asiende majini, mtoto anajibu, nakwenda na Sefu, na mama ananyamaza.

Siku moja mashine ikamzimikia mkondoni, boti imejaa wageni. Upepo ukawasukuma kuelekea upande wa Rufiji, wakaelea tangu asubuhi hadi alasiri. Sefu akawaimbia, akawagawia machungwa, akawaambia hii ni sehemu ya matembezi. Wakaja wakaokotwa, wote wazima, wageni wakamshika mkono na kumsifu. Yeye akaenda nyumbani akalala. Kesho yake akaweka mguu mmoja ndani ya boti, moyo ukaanza kumwenda mbio kama mtu anayekimbizwa. Jasho, mikono inatetemeka, pumzi haifiki chini. Akajikaza, akaenda. Kesho kutwa vilevile. Akafanya hivyo miezi bila kumwambia mtu, mpaka mkewe, Asha, akamkuta amekaa uani anashika kifua.

Akasomewa dua, akapata nafuu kidogo. Kisha akasafiri Dar akisema anafuata vipuri vya mashine, akaonana na daktari. Daktari akampima moyo, moyo mzima. Akamwambia una ugonjwa wa wasiwasi, unatibika, akampa vidonge, kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku, na tarehe ya kurudi. Mimi wakati huo sijui lolote. Nayasimulia kwa mpangilio ili msipotee, lakini mimi niliyaokota vipande vipande.

Ramadhani ikaingia. Na Ramadhani ile ilikutana na majira ya papa potwe, wageni wengi, boti inatoka kila asubuhi. Siku za mwanzo hazijaisha, maneno yakaanza pwani. Nahodha Sefu anayumba. Kashuka kwenye boti akapiga magoti mchangani kama mtoto anayejifunza kutembea. Kaigonga boti ya mwenzake iliyotia nanga, mchana kweupe, bahari imelala. Kasinzia usukani mkononi, baharia wake ndiye aliyemshtua. Ukimsemesha anakutazama kwanza, halafu ndiyo jibu linakuja, tena zito zito.

Nyie mnajua kisiwa chetu kina minazi mingi kuliko watu. Hakuna aliyejiuliza mara mbili. Nahodha anakunywa tembo, tena mwezi mtukufu.

Aliyeyapiga maneno hayo mbiu alikuwa Makame, muuza barafu wa pale samaki wanapopakuliwa. Makame alikuwa na sauti ya kuitia kivuko kilichokwishaondoka. Hakai kimya, hata akiwa peke yake anazungumza na barafu. Akaanzisha mchezo wa kumwigiza Sefu anavyotembea, anapepesuka, anashika hewa, na vijana wanaanguka kwa kicheko. Mzee Omari alipozisikia habari akamwita Sefu akamwambia bila kupandisha sauti: "Nimekupa mpaka Ijumaa. Ukiwa hivi, utanirudishia ufunguo. Siwezi kuweka roho za watu mikononi mwa mlevi."

Siku mbili baadaye Asha akaja dirishani. Akanisalimu, akaomba vile vidonge vya njano vya mafua.

"Si ulichukua juzijuzi?" nikamuuliza.

"Mafua ya Sefu hayamtoki, da Zuhura."

"Vile vinalaza. Yeye nahodha, amekwambia vinamlaza?"

Asha akatazama nyuma yake, barabara tupu, mchana wa Ramadhani watu wamejilaza. Akaanza kulia polepole, bila sauti. Akaniambia kuna vidonge vingine. Akaniambia na jina lake, alilikariri kwenye pakiti, diazepamu, ya kutuliza wasiwasi. Nikamwambia, mume wako hajalewa. Akasema najua hajalewa, nalala naye, ningeinusa. Nikamwambia mlete, apite mlango wa pembeni, na cha mafua sikupi.

Kesho yake baada ya adhuhuri Sefu akaja, amenuna. Nikamkalisha juu ya boksi la dripu. Bwana Akberali pale kigodani, kofia usoni.

"Vidonge unamezaje?" nikamuuliza.

"Kama nilivyoambiwa. Vitatu kwa siku."

"Mchana umefunga."

"Nimefunga ndiyo."

"Basi vya asubuhi na mchana unameza saa ngapi?"

Akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa. "Daku. Viwili pamoja. Navilipa mapema, visije vikanipita. Cha tatu nakimeza futari."

Naomba mnielewe vizuri hapo. Kwetu mtu akipitwa na siku ya kufunga kwa ugonjwa au safari, anailipa baada ya mwezi. Tumelelewa hivyo tangu wadogo: ibada ikikupita unailipa. Sefu mtu wa dini, akaona na vidonge ni vivyo hivyo, tena yeye kwa uangalifu wake akalipa kabla. Alikuwa akimeza dozi mbili za kulegeza mwili alfajiri, tumbo lina uji na tende, juu yake kidonge cha mafua, kisha anasali na kwenda moja kwa moja kushika usukani. Halafu mchana kutwa bila tone la maji. Hata ng'ombe angeyumba.

Kutoka chini ya kofia Bwana Akberali akasema, "Mwambie vidonge havilipwi."

Nikamweleza. Kidonge kilichokupita kimekupita, hukiongezi juu ya kinachofuata, na hukitangulizi. Nikamweleza usingizi, miguu kulegea, ulimi kuwa mzito, kusahau. Nikamwambia yote uliyoyafanya pwani ni dawa, si wewe. Daktari wa Dar naye sikumlaumu. Alipoviandika ulikuwa mwezi wa Rajabu, watu wanakunywa chai asubuhi.

Nilidhani atafurahi. Akasimama, akachomoa pakiti mfukoni. "Kumbe ndivyo. Basi hivi leo vinakwenda baharini vyote."

Hapo ndipo nilipompigia ukelele, na mimi si mpole, mnanijua. Nikamwambia keti chini, Sefu. Dawa hii ukiitumia muda halafu ukaikata ghafla, inakurudi. Moyo utakwenda mbio kuliko mwanzo, usingizi utakukimbia, mwili utatetemeka, na wako walioanguka kifafa. Kushuka kwake ni kama kushuka mnazi, hushuki kwa kuachia mikono. Anayekuongoza kushuka ni daktari, si mimi, wala si bahari. Hili, watoto wangu, mkisahau mengine yote, hili mlikumbuke.

Nikampeleka mwenyewe hospitali kwa tabibu. Alikuwa binti mdogo kutoka Songea, ndiyo kwanza kaletwa, na nadhani aliiogopa boti kuliko Sefu. Lakini kazi yake aliijua. Alimuuliza mambo yote, mpaka swali la daku akalifikia mwenyewe bila mimi kulitaja, nikampenda hapo hapo. Akasimamisha cha mafua. Akamwekea kimoja tu, usiku, kwa muda, kisha nusu, kisha wataonana tena. Akampa na siku za kwenda kukaa naye kuzungumza, kwa kuwa kidonge, alisema, kinafunika moto na maneno ndiyo yanauzima. Halafu akasema la mwisho: "Baba, mpaka kichwa kikae sawa, usukani hapana."

Tulitoka nje. Sefu akasimama jua kali.

"Nimwambie nini Mzee Omari? Kwa nini sishiki usukani?"

"Mwambie ukweli. Si umepata sababu? Hukulewa."

Akacheka kicheko kibaya. "Zuhura, bora mlevi. Mlevi anatubu, Idi ikifika kasamehewa, anapewa chombo chake. Mimi nikisema nameza dawa za wasiwasi, wataniita kichaa. Nani atapanda boti ya kichaa? Kichaa hatubu."

Nawaambia kweli, nilitembea naye mpaka njia panda nikiyapima maneno yake. Alikuwa amepiga hesabu yake sawasawa kwa watu anaowajua. Akinyamaza anapoteza boti. Akisema anapoteza jina. Na mimi sina ruhusa ya kumsemea, kwa sababu siri ya mtu inayopita dirishani kwako ni amana, hata ikikuchoma.

Nayo ilinichoma. Kesho yake Makame akaja dukani kununua bendeji, akaanza kunifanyia ule mwigizo wake palepale mlangoni, anapepesuka, anashika kaunta. "Nahodha wenu huyo," anasema, "mwezi mtukufu." Nilikuwa nimeshika chupa ya dawa ya kikohozi na mkono wenyewe ukaanza kupanda. Bwana Akberali akakohoa. Akakohoa tena. Nikaiweka chupa rafuni, nikamwambia Makame bendeji hiyo hapo na Ramadhani njema. Alipoondoka Bwana akasema, "Leo umefunga mara mbili, Zuhura." Nilikwenda stoo nikalia kwa hasira.

Ijumaa ikafika. Baada ya alasiri nilikwenda pwani kutafuta pweza wa futari, na msiniulize kwa nini nilikwenda siku hiyo na saa hiyo. Watu walikuwa tele, samaki wanapakuliwa, Makame na barafu lake. Mzee Omari alikuwa amesimama karibu na boti. Sefu akaja na Asha nyuma yake. Akanyoosha mkono, akampa ufunguo. Mimi moyoni nikasema basi, amechagua kuwa mlevi.

Mzee Omari akaupokea. Sefu akageuka kama anayetaka kwenda zake. Akapiga hatua, akasimama. Akarudi.

"Mzee Omari, ufunguo huo nimekupa kwa sababu daktari kaniambia nisishike usukani. Mimi sijalewa." Sauti yake haikuwa kubwa, lakini watu walianza kunyamaza mmoja mmoja. "Tangu siku mashine ilipotuzimikia mkondoni, nina maradhi ya wasiwasi. Kila nikipanda boti moyo unanienda mbio. Nimewapeleka watu namna hiyo miezi. Nikapewa dawa. Ramadhani ilipoingia nikaona mchana sitaimeza, nikaimeza daku, viwili kwa mpigo, nikidhani nalipa. Ndiyo ikanilaza. Anayetaka kucheka acheke sasa, mimi nimefunga, sina nguvu ya kumjibu."

Likasikika barafu la Makame likidondosha maji. Mimi nimeshika pweza wangu, nasahau hata kumlipia.

Halafu mzee mmoja mvuvi, nyuma kabisa, akasema polepole, kama anayejisemea: "Viwili daku. Alikuwa analipa dawa." Na kicheko kikaanza kwake, kikasambaa, lakini kilikuwa kicheko kingine, kile cha watu wanaojijua, maana hakuna aliyekuwapo pale ambaye asingefanya vilevile. Mmoja akakiri kwamba dawa yake ya malaria mwaka juzi aliilipa yote usiku mmoja baada ya futari, masikio yakavuma mpaka Idi. Asha akacheka na machozi. Sefu mwenyewe mwishowe akashindwa, akacheka.

Mzee Omari hakucheka. Aliugeuza ule ufunguo mkononi, akauliza, "Macho yako nayo yana wasiwasi?"

"Macho mazima."

"Basi usukani atashika baharia wako. Wewe utakaa mbele utafute papa potwe. Siku daktari akisema, uje uchukue ufunguo wako. Sitampa mwingine."

Nilimlipia pweza wangu nikarudi nyumbani nikimwimbia. Sefu alikaa mbele ya boti msimu ule wote, na kwa kuwa alikuwa hana kazi nyingine ila kutazama maji, aliwaona papa potwe kuliko boti zote, mpaka wageni wakawa wanamwomba kwa jina. Vidonge vikashuka nusu, vikashuka robo, vikaisha. Ufunguo akarudishiwa. Wasiwasi haukwisha wote, alinambia, lakini sasa ni abiria, si nahodha.

Na mimi nikaanza desturi yangu ambayo naomba muirithi: Shaabani ikiingia, kila mwenye dawa ya kutwa mara tatu namuuliza, utafunga? Akisema ndiyo, simpi mpangilio wa kichwani mwangu, namrudisha kwa daktari aliyemwandikia, wapange saa pamoja kabla mwezi haujaandama. Wengine walilalamika ninawazungusha. Niliwaambia kamuulizeni Nahodha Sefu.

Mngependa niishie hapo, najua. Bado kidogo.

Jumapili ile ile, siku mbili baada ya mambo ya pwani, mchana, barabara imelala, Makame akaja dirishani. Nilipomwona nikajiandaa. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumwambia tangu siku ya chupa, yamepangika vizuri, makali. Akaomba dawa ya kichwa. Nikampa. Hakuondoka. Akaigeuza pakiti, akaisoma nyuma, na Makame kusoma hajui.

"Bi Zuhura," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo nikadhani ni ya mtu mwingine. "Huo moyo wa Sefu. Unakwenda mbio namna gani?"

"Unataka kuuigiza na huo?"

Akatikisa kichwa. "Wangu unafanya hivyo. Miaka. Mtu akigonga mlango tu. Mke wangu anadhani nina hasira. Ndiyo maana nasema sana. Nikinyamaza nausikia."

Yale maneno yangu makali sijui yalikwenda wapi. Bwana Akberali alikwisha kuinuka kigodani, jambo ambalo hakuwa akimfanyia hata mkuu wa wilaya, akakisogeza kile kigoda karibu na mlango wa pembeni. Nikamfungulia. Nikamwambia ingia ndani, haya hayasemwi dirishani. Akaketi, nikamuuliza anafanya kazi gani, ijapokuwa najua, na anameza nini kingine. Kisha nikampeleka kwa yule binti wa Songea.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa Makame kumuomba ruhusa ya kuandika. Sefu nilikuwa nimekwishamuomba, akasema andika, ila nitie jina lingine, wajukuu zangu wana utani mbaya. Makame sasa ni mzee, bado ana sauti, ingawa siku hizi anajua na kunyamaza. Nikamwambia usiwe na shaka, na wewe nitakubadilisha jina, hakuna atakayekujua.

Akaniambia hapana. Akasema, "Sefu aliyasema mbele ya pwani nzima, na mimi ndiye niliyemtia pale. Mimi nilipita mlango wa pembeni. Niandike Makame."